Stika ya Kijani ya Mzee Ngwali

Ngwali alikisugua kioo cha mbele kwa siki mara tatu, akakikausha kwa kanga ya mkewe, ndipo akaibandika. Stika ya kijani, ya duara, kubwa kama kisosi, na namba ya gari imeandikwa kwa wino katikati. Akarudi nyuma hatua nne, hapo uani kwao Richardson, Texas, akaitazama.

"Imekaa upande," alisema Mahfudha kutoka mlangoni. "Na kanga yangu utaifua mwenyewe."

"Shingo yako ndiyo iliyokaa upande, bibi we."

Maskini, miezi mitatu ya tabu kwa ajili ya kikaratasi kile!

Chanzo kilikuwa mjukuu. Nahla, binti yao wa pekee, atajifungua mwisho wa mwezi ujao huko Stuttgart, Ujerumani, na Mahfudha lazima amlee mzazi siku arobaini. Hilo halina mjadala. Na Mahfudha hendi ugenini bila mumewe, hilo nalo halina mjadala. Balaa lilikuwa nyumba. Nyumba ya Zaid, mume wa Nahla, ina choo kimoja.

"Siku arobaini!" Ngwali alimaka. "Nitoke na taulo begani, nipishane na mkwe wangu mlangoni mwa choo? Uso nitauweka wapi?"

"Zaid kijana wa adabu, hatakutazama."

"Ndiyo tabu yenyewe! Angekuwa mhuni ningelala hata sebuleni kwake."

Basi akaamua atalala garini. Alikuwa dereva wa malori miaka ishirini na sita, Dallas kwenda Houston na kurudi, amekalia mto ili aione barabara, na alipostaafu alijinunulia gari la kulala lenye kitanda, jiko na choo chake. Litavuka bahari kwa meli, litaegeshwa mbele ya nyumba ya Zaid. Mkewe ndani na mzazi, yeye nje, kila mtu na heshima yake. Habari ya kukodi gari huko huko hakutaka hata kuisikia. Godoro la watu ni la watu.

Ndipo Nahla akapiga simu. "Baba, huku mji mzima ni zone ya hewa safi. Bila stika ya kijani gari haliingii, wanakupiga faini. Na hilo lako la dizeli halipati ya kijani, nime-check."

"Mbona halitoi moshi?"

"Baba! Mimi si nimesafiri ndani ya huo moshi?"

Akaliuza. Siku linaondoka alilia, na hakuona aibu kulia. Akateremka Houston akanunua jingine, la petroli, la miaka ya karibuni, asilolipenda hata kidogo. Akatuma nakala ya kadi ya gari Ujerumani. Ikarudishwa, haisomeki. Akatuma tena, akangoja, akawa anakimbilia sanduku la barua kama mtu anayengoja jibu la posa.

Siku hizo za kungoja, maswali ya Zaid yalimiminika, yote kupitia kwa Nahla. Miaka mitatu tangu aoe, Zaid hajathubutu kumpigia mkwewe simu, wala Ngwali hajathubutu kumpigia yeye. Wakistahiana mno.

"Zaid anauliza, kwenye kitanda cha humo mtu mrefu anaweza kunyoosha miguu?"

"Mwambie ananyoosha, na nafasi inabaki."

"Na usiku baridi haipenyi? Na choo chake kinamwagwa wapi?"

Ngwali alieleza yote, moyo umejaa. "Huyu ndiye mkwe!" alimwambia Mahfudha. "Anafikiria mpaka miguu yangu."

"Mrefu nani hapa?"

"Ananipa heshima tu. Wewe hujui adabu."

Yeye kwa upande wake aliuliza jambo moja tu. "Hapo mbele ya nyumba, gari refu linaenea?"

"Moja linaenea, baba. Barabarani hawaruhusu kabisa."

"Moja ndilo nililonalo."

Stika ilipobandikwa, hawakungoja. Waliteremka Houston, mwendo wa saa nne nzima, na kila kituo cha mafuta Ngwali alimsimamisha mtu amwoneshe kile kijani. Bandarini alitia saini, akakabidhi funguo, akasimama nyuma ya uzio akiliangalia gari likipanda na kutoweka tumboni mwa meli. Wao wangefuata kwa ndege. Alipumua. Arobaini ya mwanawe imesalimika, na haya zake zimesalimika.

Simu ikalia.

"Shikamoo, baba. Zaid hapa."

Ngwali alinyooka wima, akafunga kifungo cha shati. "Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Nahla hajambo?"

"Hajambo, yuko kliniki. Nimekaza roho nikwambie mwenyewe, hata yeye hajui bado. Baba, mimi nilale kitandani, mkwe wangu alale nje kama mlinzi? Haya zingeniua. Chumba chetu ni chenu. Mimi nimejinunulia gari la kulala, stika ya kijani ninayo, miguu nimeipima inanyooka. Nimeshaliegesha hapo mbele, limeenea kwa tabu, hata baiskeli haipati pa kukaa. Kwa hiyo hilo lako usihangaike nalo tena, baba. Liache huko huko Texas."

Nyuma ya uzio, meli ilipiga honi.