Kamera Mpya ya Tumbili

Palikuwa na Tumbili mmoja aliyepiga picha kwa kujifurahisha. Kila mwaka alinunua kamera mpya, akaifungia lenzi yake ile ile ya zamani iliyoota kuvu ndani.

Siku moja jirani yake, Pimbi, akamwomba ampigie picha Mbayuwayu, rafiki wa huyo Pimbi wa miaka mingi. Mbayuwayu alikuwa anahama asubuhi hiyo, na kwa uzee wake hakutarajia kurudi.

Tumbili akapiga. Picha ikatoka nyeupe kama wingu.

"Hukutulia, bibi," akalaumu.

"Nimetulia mpaka shingo imekakamaa!" Mbayuwayu akajibu.

"Ndugu yangu, lenzi yako ina kuvu," Pimbi akasema. "Badilisha lenzi."

"Wewe wa mapangoni unajua nini? Lenzi ni kioo tu. Akili yote imo ndani ya kamera. Ningojeni hapa!"

Akakimbia dukani. Wenzake Mbayuwayu wakaondoka. Yeye akabaki akingoja, kwa ajili ya Pimbi. Tumbili akarudi na kamera mpya, akapiga, na Mbayuwayu akaruka kuwafuata wenzake ambao hata hawakuonekana tena.

Tumbili na Pimbi wakaitazama picha. Ukungu ulikuwa ule ule, na uso haukuwamo.

"Lakini tazama, jirani, safari hii imetoka safi zaidi!" Tumbili akasema.

Pimbi akafoka. "Iliyotoka safi ni kuvu yako! Rafiki yangu yuko wapi?"