Popi Achagua Nyumba

Tangu mbwa wapewe haki ya kuchagua nyumba ya kukaa, kesi ya Popi, iliyosikilizwa uani kwa Atuganile, ndiyo iliyojaza watu kuliko zote. Mwakalinga, aliyemtupa Popi kijijini akiwa mgonjwa, alirudi kutoka mjini kumdai, na sahani ya nyama choma mkononi. Atuganile alikuja mikono mitupu, ile ile iliyomuuguza.

"Shemeji, huyu ananijua mimi," Mwakalinga alitamba.

"Mwite basi, tuone!" Atuganile akamjibu.

Akaita. Popi akala nyama yote, akalamba na sahani, kisha akaenda kujilaza miguuni pa Atuganile. Vigelegele hivyo!

"Baba, usisahau sahani yako!" jirani akapiga kelele.

Afisa aliyesimamia kesi akagonga muhuri. "Mwakani wazee nao watachagua," akatangaza.

Barazani, mama mkwe aliyeishi kwa Atuganile akaanza kutafuta viatu vyake, bila kungoja mwakani.