Kompyuta Kutoka Rebero

Scovia alikuwa ameshika plagi, anainama kuifikia soketi, fundi alipompigia kelele.

"Reka, madamu! Usichomeke!"

Akamkamata mkono kabisa. Sibomana, fundi wa kompyuta pale Gikondo, kwa kawaida huwajibu wateja bila hata kuinua kichwa. Leo alikuwa wima, jasho linamtoka. Hakuwahi kumwona mwanamke huyu maishani, lakini aliogopa kwa ajili yake, na sakafu ilikuwa bado mbichi kwa kudekiwa.

"Kwani iko nini?" Scovia aliuliza. "Nataka uone tu vile haiwaki."

"Nimeona. Ulitoa wapi hii mashine?"

"Nimenunua kwa watu ya Rebero, walikuwa wanahama. Wamesema inataka fundi tu."

Sibomana aliliangalia lile kasha jeusi lenye stika ya kwaya ubavuni. Aliliangalia muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Ulishaichomeka kwako?"

"Oya, bado. Ni ya mtoto, asomee. Ana miaka tisa."

Fundi aliligeuza kasha.

"Sikia, madamu. Tatizo iko hapa, kwa pawasaplai." Aligonga kisanduku cha bati kilicho nyuma, kile kinachopokea umeme wa ukutani. "Ndani kuna waya ya njano na kijani, inapeleka umeme chini kwa udongo. Imekatwa, inagusa waya yenye umeme. Ukichomeka, bati yote inabeba umeme. Mtoto anashika mara moja, basi."

"Inaua?"

"Inaua."

Angeweza kumwambia aitupe, yaishe. Lakini nani hutupa kompyuta mjini hapa? Atampa shemeji, shemeji atampa jirani, na siku moja mtoto wa mtu ataigusa. Hilo Sibomana hakulitaka hata kidogo. Akachukua bisibisi.

"Nakuwekea ingine, ya bure. Hii uniachie."

Bure, Gikondo! Mteja mwingine angerukaruka. Scovia alivuta kigoda, akakaa, wala hakushukuru. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya fundi.

Skurubu nne zikatoka. Kifuniko kikafunguka. Sibomana akainama, akawasha taa ya simu, akaangalia tena. Waya wa njano na kijani ulikuwa mzima, mpya kabisa.

"Ile ilikatwa iko polisi," Scovia alisema polepole, "toka siku baba yangu alikufa na mkono juu ya hii mashine. Nimepita kwa mafundi sita. Wote walichomeka kwanza. Sasa niambie, fundi: mzee alikukosea nini?"