Neno la Mwalimu Kihwelo

Vifaa vya maabara viliazimwa kutoka shule ya jirani, vikafika asubuhi ileile ya mtihani, vimefungwa kwenye magazeti. Tumsifu alikuwa hajawahi kushika bureti, mrija wa kupimia tindikali. Kwa miaka minne Mwalimu Kihwelo aliwafundisha yeye na wenzake kemia kwa chaki. Alichora ubaoni mrija mrefu wenye koki, chini yake chupa, kisha akadondosha tindikali kwa mdomo: "Tone. Tone. Tone." Darasa zima lilisubiri, kalamu mkononi, mpaka aseme, "Imegeuka rangi, funga." Hapo ndipo walipoandika jibu.

Sasa koki ilikuwa vidoleni mwa Tumsifu, koki ya kweli, ya baridi. Aliifungua kidogo. Tindikali ikaanza kudondokea kwenye chupa yenye maji ya manjano, naye akahesabu matone kwa kunong'ona, kama darasani.

Maji yakawa rangi ya chungwa.

Tumsifu akainua macho. Mwalimu Kihwelo alikuwa amesimama dirishani, kando ya msimamizi mgeni. Alikuwa ameiona ile rangi. Midomo yake ilifunguka.

"Mwalimu," msimamizi alisema taratibu, "tulikubaliana hakuna kusema."

"Naelewa."

Tumsifu aliendelea kumtazama, mkono ukiwa palepale kwenye koki, akilisubiri lile neno. Mwalimu akainamisha macho, akatazama vidole vyake vilivyojaa chaki. Ndani ya chupa, tone baada ya tone, rangi ilizidi kukolea, nyekundu.