Wana wa Ngiri

Zamani hizo, katika milima ya Uchina, Dubu alitawala jimbo kwa niaba ya mfalme, na mbwa mwitu walilinda lango lake. Ngiri, askari wa kawaida mwenye kichwa kigumu, akawanong'oneza: "Nifungulieni, nami nitawafanya wanangu." Wakamfungulia. Dubu akauawa kitandani.

Ngiri alitimiza ahadi. Aliwapa mbwa jina lake, akala nao sinia moja. Kwa nguvu zao akateka mabonde ya jirani, na wajumbe wa mfalme akawarudisha mikono mitupu.

Kobe, mshauri ambaye Ngiri alimrithi kutoka kwa Dubu, akamwambia, "Bwana mkubwa, hawa walikula chumvi ya Dubu pia."

"Dubu aliwaajiri tu. Mimi ni baba yao! Simwondoi hata mmoja."

Ndipo Chui akaja na jeshi, akauzingira mji. Ngiri aliapa hatarudi nyuma. Akasimama ukutani, mvua yake, jua lake. Alfajiri moja akasikia komeo la lango likivutwa kwa ndani.

"Wanangu! Mnamfungulia nani?"

"Baba, usituone wabaya," akajibu mkubwa wa mbwa hao. "Malezi haya ni yako."

Ngiri hakuomba huruma. Alishuka mbio akamvamia Chui peke yake, akafa meno yakiwa mbele.

Chui akaandaa sinia. "Karibuni, wanangu!"

Kobe aliposikia neno hilo hakungoja chakula. Alianza safari papo hapo, maana mwendo wake aujua.