Sweta za Kaka

Kila sikukuu ilipokaribia, mama alimfumia kaka yangu sweta, ingawa kaka alishaondoka zamani na baba alikuwa amepiga marufuku jina lake kutajwa nyumbani.

Alifuma dirishani mchana kutwa, mawazo yake mbali, sindano zikigongana taratibu hadi nyumba nzima ikawa kama inasinzia. Uzi wa buluu ulitambaa kutoka kikapuni, ukapanda magotini, ukageuka mgongo, kifua, shingo.

Mwaka huo alipomaliza, alinikabidhi. "Kaiweke na zile nyingine, mwanangu."

Nilipofungua kabati chumbani kwao, harufu ya sufu ilinifunika kama usingizi. Nikapitisha kiganja juu ya sweta zilizopangwa: ya kijani, ya kijivu, ya rangi ya udongo. Ya mwaka jana, ile nyekundu yenye vifungo vya mbao, haikuwapo.

Nikapekua hadi chini. Wapi! Nikageuka ili nikamwite mama.

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Usimwambie," alisema, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nisimwambie nini, baba?"

Aliichukua ile ya buluu mikononi mwangu, akaikunjua, akaitandaza kitandani. Kisha akaanza kuipima kwa shubiri, toka bega hadi bega, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Ile nyingine ilimbana," akasema. "Amenenepa, kaka yako."