Kigingi cha Mjane

Mpima ardhi alivuta futi kamba kwenye kiwanja cha marehemu, akapita mfenesi, akapita kisima, akapigilia kigingi karibu na ua wa mwisho.

"Fungu lako la mjane hilo, mama. Thumuni, moja ya nane. Sufuri nukta nane."

Bi Mwanakheri alisokota ncha ya mtandio. Thumuni aliijua: mkate hukatwa vipande vinane, chake kimoja. Hapa amepewa karibu mkate mzima. Watoto wa mumewe waliitazama karatasi ya mpima, wakaitikia kwa vichwa.

Alikiangalia kisima mara ya tatu.

"Mwanangu, sufuri nukta nane ni asilimia ngapi?"

"Themanini," alijibu mpima, na kalamu ikamsimama mkononi.

Bi Mwanakheri alikuwa ameshainama, anakitikisa kigingi kwa mikono miwili, na udongo haujakiachia.